Uzi maalum: Kazi ya kuhudumia mbwa kwenye kituo cha kuokoa wanyama, ulizeni tujadili

#1 MhudumuWaMabanda (Arusha)

Heshima kwenu wakuu.

Nafanya kazi kwenye kituo kinachookoa mbwa huku upande wa Mlima Meru. Watu wakisikia hivyo hudhani kutwa nacheza na watoto wa mbwa. Wengine huona ni kazi ya aliyekosa pa kwenda. Nafungua uzi huu kwa sababu naiheshimu kazi hii, na nataka vijana wanaoifikiria waijue ilivyo, na wenye vituo wajue ni mtu gani hasa wamemkabidhi lile fagio.

Hoja yangu naiweka mapema kabisa: anayefagia banda ndiye anayemjua mbwa kuliko mtu yeyote kituoni. Daktari wa mifugo anamwona mbwa anapoitwa. Meneja anamwona kwenye faili. Mhudumu anamwona alfajiri kabla hajala, anakiona choo chake, anajua kawaida yake analala kona ipi na leo kalala ipi. Kituo kisichomsikiliza mhudumu kinapoteza mbwa ambao wangepona.

Siku yangu huanza kwa kuangalia, kabla ya maji na fagio. Napita taratibu mbele ya mabanda yote nikiwa mikono mitupu. Nani hajainuka? Nani kabakiza chakula cha jana jioni? Nani anajikuna mpaka kavimba sikio? Nani katapika? Mbwa ana tabia ya kuficha maumivu, na ukianza na kelele za ndoo wote wanasimama na kuchangamka, yule mgonjwa naye anajikaza, dalili inakupita. Nilichoona nakiandika kwenye daftari hapo hapo. "Hajala" haitoshi. Naandika kala nusu, kanywa maji mengi, choo laini chenye utelezi, joto la mwili kiasi gani. Mbwa mzima ni nyuzi 38 na pointi kidogo hadi 39 na pointi kidogo, kwa hiyo yule unayemgusa ukamwona wa moto huenda yuko sawa kabisa; kipimajoto ndicho cha kuaminiwa, mkono hudanganya.

Usafi una mpangilio wake na haugeuzwi. Unaanza na watoto wa mbwa, kisha mama wanaonyonyesha, kisha mbwa wazima wenye afya, kisha karantini, na wagonjwa wa mwisho. Ukigeuza, unabeba ugonjwa kwa gamboti zako mwenyewe kutoka kwa mgonjwa hadi kwa kitoto ambacho hakijamaliza chanjo. Karantini ina ovaroli yake, ndoo yake, fagio lake na beseni la dawa mlangoni la kukanyagia. Mbwa mpya anakaa huko si chini ya wiki mbili, hata akionekana mzima wa afya, maana parvo na distempa, magonjwa hatari ya virusi, zinaweza kuwa ndani yake bila dalili yoyote kwa siku kadhaa.

Chakula nacho ni elimu. Hapa tunapika dona na dagaa au mapupu, na chakula cha mifuko kikipatikana tunashukuru. Mbwa aliyeletwa mifupa mitupu usimjazie sahani kwa huruma. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa mara moja, chumvichumvi za damu huvurugika na mbwa anaweza kufa huku anakula. Anaanza na kidogo, mara nyingi kwa siku, kiasi kinapanda polepole. Mifupa iliyopikwa hatutoi, inapasuka vipande vyenye ncha. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote: mbwa waoga.

Mtoto wa mbwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo anapoizoea dunia. Asipomwona binadamu mwema kipindi hicho, au akikipitisha kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, anakua akiogopa vitu ambavyo sisi hatuvioni: mlango, ngazi, mwavuli, mwanamume mwenye kofia, hata sakafu inayong'aa. Tunaletewa mbwa wa namna hiyo kila mara. Anajikunyata kona ya mwisho, mkia umeingia katikati ya miguu, anageuza uso huku weupe wa jicho unaonekana, analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi. Hizo zote ni sentensi. Anasema "naomba nafasi". Asiposikika anakunja midomo. Asiposikika tena anaganda kama jiwe, na baada ya kuganda ndiyo meno. Watu husema "kaniuma ghafla", na kumbe mbwa kaomba muda wote ule.

Na mkia unaotikisika si lazima iwe furaha. Mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika kwa kasi fupifupi, na mwili mzima umekaza, huyo msimsogelee.

Kwa mbwa wa hivi wiki za mwanzo kazi yangu ni kukaa. Naingia na kigoda, namkalia ubavu, simtazami machoni, naongea chini chini au nasoma gazeti, narusha kipande cha pupu pembeni bila kumgeukia. Kesho hivyo hivyo. Siku atakayokula mimi nikiwa bado ndani, naandika. Siku atakayonusa kiatu, naandika. Simgusi mpaka yeye mwenyewe aguse. Ukimwona mbwa aliyekuwa anajikojolea kwa hofu akija mwenyewe kuweka kidevu kwenye goti lako, hutauliza tena kwa nini mtu anaamka alfajiri kwa ajili ya hii kazi.

Nikipata muda nitaendelea na magonjwa. Karibuni kwa maswali.

#2 Kigamboni Kwetu

Uzi bora kabisa. Mkuu, kichaa cha mbwa je? Mimi ndicho kinachonitisha. Unaingiaje banda la mbwa aliyeokotwa barabarani hujui katoka wapi?

#3 MhudumuWaMabanda

Swali la msingi mkuu, na nalijibu kwa uzito wake.

Mhudumu anachanjwa kabla hajaanza kazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinga ya awali ya dozi mbili, ya pili siku saba baada ya ile ya kwanza, kwa watu wenye kazi kama zetu. Kijana akiitwa kazini kwenye kituo chochote na akakabidhiwa mbwa kabla ya hiyo chanjo, asikubali. Hapa siongei kwa upole. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa.

Ukichanjwa bado haujamaliza. Ukiumwa au kukwaruzwa, au mate yakaingia kwenye kidonda, unaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, tazama saa, kisha unakwenda hospitali siku hiyo hiyo kwa dozi za nyongeza. Asiyewahi kuchanjwa anahitaji dozi zaidi, na kama ngozi imetoboka au mate yameingia kwenye kidonda anahitaji pia sindano ya kingamwili kwenye jeraha lenyewe. Usiweke pilipili, mafuta ya taa, majani wala nywele za yule mbwa. Sabuni na maji, kisha hospitali.

Halafu kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Kichaa kina sura mbili. Ile ya ukali, mbwa anauma hata mawe, wote tunaifahamu. Ya pili ni ya upole: taya linalegea, mate yanatoka, sauti inabadilika, anaonekana amekwama mfupa kooni. Mtu mwenye huruma anaingiza mkono kuutafuta mfupa, na hapo ndipo anapopata virusi. Mbwa mwenye taya lililolegea usiingize mkono kinywani mwake. Mfunge peke yake, piga simu kwa daktari wa mifugo.

#4 Mkweli Daima

Mimi nitasema wazi na msinichukie. Nchi hii ina watoto yatima, ina wagonjwa wanalala chini. Mnanunuaje dawa za mbwa koko?

#5 DaktariWaMifugo_Kanda

Naomba nijibu hili badala ya mtoa uzi, maana nimelifanyia kazi miaka mingi vijijini.

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Afrika na Asia ndiko wanakofia. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo mtoto uliyemtaja, ndugu yangu, ndiye hasa anayelindwa mbwa anapochanjwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo, ugonjwa unakosa pa kupita na unakatika. Hapa hapa Tanzania tumeona: Pemba kichaa kilitokomezwa kwa kuchanja mbwa, kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kikatokomezwa tena kwa chanjo hiyo hiyo.

Kuwapiga risasi au kuwawekea sumu kumejaribiwa sana, na hakuna ushahidi kwamba peke yake kunamaliza kichaa. Ukiua mbwa wa mtaa, jalala bado lipo, chakula bado kipo, wanaingia wengine kutoka jirani ambao hawajachanjwa kabisa. Na katika uliowaua walikuwemo waliochanjwa. Mbwa aliyechanjwa na kuhasiwa akirudi mtaani kwake, anashika eneo na haongezi wengine.

Nakazia pia hoja ya mtoa uzi. Wagonjwa niliowahi kuokoa kituoni, wengi wao mtu wa kwanza kuniambia hakuwa daktari mwenzangu. Alikuwa kijana mwenye ndoo aliyesema, "Daktari, huyu leo hajanibwekea." Sentensi kama hiyo hainunuliki kwa mashine yoyote.

#6 Mkweli Daima

Hiyo ya watoto chini ya miaka 15 sikuijua. Nimeelewa, Daktari. Asante kwa kunijibu kwa heshima.

#7 Barazani Pwani (Tanga)

Assalaam alaykum wadau. Mimi ni Muislamu na nimefanya kazi hii. Nimeona niandike kwa sababu kuna ndugu zetu wengi wa pwani wanaogopa hata kuuliza.

Huku kwetu tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito: unyevu wake ukikugusa, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana kauli tofauti, ila mimi naongelea tulivyolelewa. Kukavu kukigusana na kukavu hakuambukizi najisi. Basi kazini nilikuwa na ovaroli, gamboti na glovu ambavyo havikutoka nje ya geti. Nguo za swala zilikaa mbali, kwenye mfuko wake. Kwenye bomba la nyuma tuliweka beseni la udongo safi. Adhuhuri naoga, naosha panapohitajika kwa udongo, naswali, narudi. Hakuna swala iliyonipita kwa ajili ya mbwa.

Na anayesema mbwa hana nafasi kwetu aisome Suratul Kahf. Vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao, kanyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na Mwenyezi Mungu kamtaja pamoja nao. Asome na hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ya mtu aliyekuwa safarini akashikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa, alipotoka akakuta mbwa anahema na kula udongo wenye majimaji kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kwenye khofu yake (kiatu cha ngozi), akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Masahaba wakauliza kama wanapata ujira hata kwa wanyama, Mtume akajibu kuwa katika kila chenye uhai mna ujira.

Najisi ni hukumu ya tohara. Kumtesa au kumwacha na kiu ni jambo jingine kabisa, na huko hakuna ruhusa.

#8 Kigamboni Kwetu

Shukrani sana sheikh. Hii nimeitunza, kuna jirani yangu lazima aisome.

#9 Mathare Juu (Nairobi)

Salamu kutoka Kenya. Mimi hujitolea wikendi kutembeza mbwa. Hapa Nairobi chama cha kutetea wanyama kinachojulikana zaidi ni KSPCA, kilichoanza mwaka 1910 kikiwa cha Afrika Mashariki nzima, kiko kule Karen. Ningependa kumuuliza mwenye uzi: kuna mbwa fulani wa kike walioletwa wanavuja damu sehemu za siri kila wakati, na si msimu wao wa joto. Majirani walikuwa wanawafukuza kwa mawe wakisema wana laana. Hiyo ni nini?

#10 MhudumuWaMabanda

Ndugu yangu, karibu kila kituo cha Afrika Mashariki kinawajua mbwa hao. Ni uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana, na mara nyingine kwa kulambana. Kinachoambukizwa si virusi. Ni zile seli za saratani zenyewe zinahama kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Wanasayansi walipochunguza vinasaba vyake walikuta zote duniani zimetoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa huyo alishakufa zamani, seli zake bado zinatembea mitaani kwetu.

Habari njema ni kwamba unatibika vizuri kuliko saratani nyingi. Daktari anachoma dawa iitwayo vinkristini mara moja kwa wiki, wiki kadhaa, na uvimbe unayeyuka machoni pako. Mhudumu ana kazi mbili hapo. Kwanza glovu, maana dawa ile inatoka kwenye mkojo na kinyesi na si salama kwa ngozi yako. Mama mjamzito asipangiwe banda hilo kabisa. Pili, kuwatenga na wengine mpaka wapone na wahasiwe.

Mbwa hao ndio wanaoniuma zaidi, kwa jinsi wanavyopigwa mawe kwa ugonjwa ambao wiki chache za dawa zingeumaliza. Kwenu Kenya mna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Kumpiga mawe mnyama ni kosa kisheria.

#11 Mbali na Nyumbani (Utah, Marekani)

Nimefurahi kukuta uzi huu kwa Kiswahili. Naishi Salt Lake City. Kusini mwa jimbo hili, mji wa Kanab, kuna hifadhi ya Best Friends iliyoanza mwaka 1984, kwenye makorongo ya mawe mekundu, ina wanyama kama 1,600. Sehemu ya mbwa inaitwa Dogtown. Nimewahi kwenda kujitolea huko na mtoa uzi ananikumbusha mambo mengi.

Pale mwaka 2008 walipokea mbwa 22 waliotoka kwenye kesi ya Michael Vick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyekiri mahakamani mwaka 2007 kuhusika na mapigano ya mbwa kule Virginia. Wengi walikuwa wanasema mbwa wale wauawe, hawafai tena. Wahudumu walikaa nao. Waliandika kila siku: hofu kiasi gani, imani kiasi gani, leo kafanya nini. Baadhi yao waliishia majumbani kwenye familia, wengine walitunzwa hapo hapo hadi mwisho wa uhai wao. Kilichowatenganisha hao na sindano ya kuua ni watu waliokaa kwenye mabanda na madaftari yao.

Jambo lingine nililolipenda: mtu anayejitolea anaruhusiwa kuchukua mbwa akalale naye nje ya kituo usiku mmoja, kisha anarudisha taarifa. Mbwa aliyeonekana mkali bandani, kwenye chumba chenye utulivu analala chali. Hiyo taarifa inabadilisha kabisa nafasi yake ya kupata nyumba. Je, huko Arusha mnafanya?

#12 MhudumuWaMabanda

Ndugu, umegusa penyewe. Kwa usiku mmoja hatufanyi, ila tuna familia chache zinazompokea mbwa kwa muda, na taarifa zao ni dhahabu. Banda linamfanya mbwa aonekane asivyo. Kelele za wenzake, harufu ya dawa, watu wanaopita. Ningeshauri kila kituo kilichoko huku kijaribu, hata kwa mlinzi au mwalimu wa jirani mwenye uzio.

Tofauti ninayoiona na huko ni kwamba sisi hatuna nafasi ya kutunza kila mbwa mpaka mwisho wa uhai wake. Banda moja likikaliwa miaka na mbwa asiyepata nyumba, kuna wengine geti linafungwa usoni mwao. Kwa hiyo kumtafutia nyumba ni sehemu ya kazi ya mhudumu pia. Mtu akija nataka kujua: atalala wapi, mnyororo upo au haupo, nani anapika, mkisafiri anabaki na nani. Anayetaka mbwa "mkali wa kulinda" simpi mbwa mwoga, maana mbwa mwoga aliyefungwa mnyororo ndiye anayeng'ata watoto.

#13 Kijana Mtafutaji (Moshi)

Naomba kuuliza kuhusu maslahi. Mshahara ukoje, na unahitaji vyeti gani?

#14 MhudumuWaMabanda

Kiwango sikitaji kwa sababu kila kituo kina chake, na vingi vinaendeshwa kwa michango, mwezi mmoja mzuri mwezi mwingine mgumu. Usitegemee utajiri. Lakini usikubali pia kufanyiwa kana kwamba mapenzi yako kwa wanyama ndiyo malipo. Dai mkataba wa maandishi. Dai NSSF. Uliza kama mwajiri anachangia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu kung'atwa ukiwa zamu ni ajali ya kazini, na gharama zake hazipaswi kutoka mfukoni mwako. Dai chanjo, gamboti, glovu na siku ya kupumzika.

Vyeti: ukiwa na astashahada ya afya ya mifugo, kwa mfano kutoka LITA, wakala wa serikali wa vyuo vya mifugo, utapanda haraka. Usipokuwa nayo, kinachotazamwa ni utulivu wako na kama unaweza kuandika ulichoona. Mtu wa hasira hafai, hata awe na diploma mbili. Mbwa anaisoma hasira yako kabla hujavuka mlango.

Na nikuambie na hili mapema, kijana wangu, maana hakuna aliyeniambia. Utapoteza mbwa. Mwingine utakuwa umemlisha kwa sindano usiku kucha na asubuhi hayupo. Usijifanye huna machozi. Sisi hapa tukimpoteza mmoja tunakaa chai pamoja, kila mtu anasema alichokijua kuhusu yule mbwa, kisha tunaendelea na zamu. Wale waliokuwa wananyamaza ndio niliowaona wakiacha kazi.

#15 Mama Wawili (Morogoro)

Samahanini wapendwa, naomba msaada wa haraka. Nina kitoto cha mbwa cha miezi mitatu, tangu jana kinatapika na leo kinaharisha damu yenye harufu mbaya sana. Jirani kasema nikipe maziwa na kitunguu saumu. Watoto wangu wanalia.

#16 MhudumuWaMabanda

Pole sana mama. Usikipe maziwa wala kitunguu. Umri huo na dalili hizo, la kwanza kushukiwa ni parvo. Kibebe sasa hivi kwenye boksi au beseni, kifunike, nenda kwa daktari wa mifugo wa karibu, usingoje kesho. Kinachoua ni kukauka maji mwilini, na dripu ikiwahi wengi hupona. Ikichelewa, wengi hufa. Ukifika usikiteremshe chini pale kliniki, wenzake wasiambukizwe. Watoto wako hawawezi kupata ugonjwa huo, ila waoshe mikono, kwa sababu kitoto kinaweza kuwa na minyoo.

#17 DaktariWaMifugo_Kanda

Nakubaliana na kila neno. Pale Morogoro ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA. Nenda moja kwa moja.

#18 Mama Wawili

Nimeshafika. Wamekipima, ni parvo. Kimewekewa dripu, kitabaki hapa. Wameniambia nikasafishe nyumba lakini kwa haraka zangu sikuelewa vizuri namna ya kusafisha. Na mtoto wa jirani yangu anataka kuniletea kitoto kingine cha mbwa watoto wafarijike, nikipokee?

#19 MhudumuWaMabanda

Usikipokee kwa sasa, mama. Virusi hivyo vinakaa kwenye udongo na sakafu mwaka mzima na zaidi. Kitoto kisichochanjwa kikija hapo kitaugua. Akija mwingine awe mbwa mzima aliyekwisha kuchanjwa, au kitoto kilichomaliza chanjo zake zote, zinazoanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka kifikishe wiki ya kumi na sita.

Kusafisha fanya hivi. Choo chote kiokote kwa karatasi, kichome au kifukie mbali. Osha sakafu kwa sabuni na maji mengi, suuza mpaka mkojo wote uondoke, kwa sababu dawa ya klorini ikikutana na uchafu inakufa nguvu, na ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma kifua. Ndipo uweke Jik. Klorini ya asilimia tano au sita ni kipimo kimoja kwa thelathini vya maji. Tazama chupa yako, ikiwa imeandikwa asilimia ndogo zaidi punguza maji. Iache sakafuni dakika kumi, madirisha wazi, watoto nje, kisha suuza. Changanya mpya kila siku, ya jana haina kazi. Matandiko yake na bakuli la plastiki lililokwaruzika vichome. Kiatu ulichovaa ukimsafisha usiende nacho kwa jirani mwenye mbwa. Sehemu za udongo huwezi kuzisafisha kwa Jik, ziache jua kali lipige.

Na kesho ukienda kukiona, muulize anayekisafishia banda kimelalaje usiku, kisha umuulize daktari.